Kamera yangu ilivyotolewa filta ya kuzuia wekundu: glasi ilitoka, na fokasi ikatoka nayo

Nianze na hukumu, kisha mtaona kama nitaishikilia: kamera ya kupigia nebula, yale mawingu ya gesi na vumbi yaliyoko kati ya nyota, usimpelekee fundi ambaye hajawahi kuielekeza lenzi kwenye nyota. Jina la duka silitaji. Liko hapa Mombasa, lina sifa kwa kamera za harusi, na kwa kazi hiyo sina neno nalo. Mimi niliwapelekea jambo jingine, na walisema kwa kinywa chao kwamba wanaliweza.

Jambo lenyewe ni hili. Canon za kioo (DSLR) kama yangu zina glasi mbili mbele ya kihisi, kile kibapa kinachopokea mwanga wa picha. Ya kwanza ndiyo inayotikisika kukung'uta vumbi, na ndiyo pia inayozuia infraredi, mwanga uliopita wekundu ambao jicho haliuoni. Ya pili ina usamawati kwa mbali, na hiyo ndiyo inayotunyima nebula. Haidrojeni huko juu inatoa mwanga mwekundu wa nanomita 656.3, na glasi hiyo inapitisha robo yake tu, au pungufu. Ndiyo maana mtu anakesha na nebula ya Jabari (Orion) akarudi na kitu cha kijivu chenye zambarau katikati. Kichwa cha Farasi, nebula nyingine ya huko huko Jabari, kinaonekana kwa shida sana, kwa sababu kichwa chenyewe ni vumbi jeusi lililosimama mbele ya pazia jekundu, na pazia lisipoingia kwenye kihisi hakuna cha kuonyesha umbo la vumbi. Itoe glasi ya pili, uiache ya kwanza mahali pake, wekundu unaingia maradufu na zaidi. Hakuna programu inayorudisha mwanga ambao haukuingia, kwa hiyo kuifungua kamera ni jambo la lazima.

Kazi si ya miujiza, lakini ina adabu zake. Betri inatolewa na kamera inaachwa itulie, maana flashi ina kapasita yenye umeme wa kukurusha. Kifuniko cha nyuma, nyaya bapa, bodi kuu, halafu unafika kwenye kihisi. Kinashikwa na skrubu tatu za Torx zenye springi chini yake. Hapo ndipo pa kutulia. Skrubu hizo si za kushikilia tu. Ndizo zinazopanga kimo cha kihisi na ulalo wake. Kabla ya kulegeza hata moja, unazihesabu: hii imezunguka mara ngapi mpaka kukaza, ile mara ngapi, unaandika kwenye karatasi. Ukishatoa glasi unaweka nyingine safi ya unene ule ule, au unasogeza kihisi mbele kufidia.

Kwa nini kufidia? Kwa sababu glasi iliyo kwenye njia ya mwanga inasukuma fokasi nyuma kwa karibu theluthi moja ya unene wake. Ukitoa glasi ya milimita 1 bila kuweka nyingine, fokasi inarudi upande wa lenzi kwa theluthi ya milimita. Mtu wa harusi atasema theluthi ya milimita ni nini. Kwa lenzi yenye uwazi wa f/4, nyota inayotakiwa kuwa nukta inakuwa doa la maikromita 80 na ushei, na pikseli za kamera yangu ni za maikromita 4.3. Hesabu mwenyewe. Lenzi yenye nafasi ya kuzunguka kupita infiniti, yaani alama ya umbali usio na mwisho kama wa nyota, inaweza kujiokoa. Lenzi za mkono za zamani, ambazo ndizo wengi wetu tunazitumia kwa kuwa bei yake inavumilika, nyingi zinagota pale pale kwenye alama ya infiniti na hazisogei tena.

Yangu iligota. Jaribu hivi siku unapochukua kamera, tena ujaribu usiku, kwenye nyota halisi. Elekeza nyota angavu kama Suheli au Sirius, washa skrini ya nyuma, kuza mara 10, zungusha pete ya fokasi taratibu. Kamera nzima: nyota inanywea mpaka nukta, halafu ukiendelea inaanza kuvimba tena. Ile iliyoharibiwa: nyota inanywea, inanywea, pete inagota, na nyota bado ingetaka kunywea. Kwa barakoa ya Bahtinov, kifuniko chenye mianya kinachoifanya nyota itoe msalaba wa mwanga na mstari wa tatu, mambo yako wazi zaidi. Ule mstari wa kati unatakiwa uvuke kutoka upande mmoja wa msalaba mpaka wa pili. Wangu ulisogea, ukakaribia, ukasimama kabla ya kufika katikati.

Kilichoniudhi hasa si hicho. Fundi hukosea, na kosa lina dawa. Niliirudisha kamera na picha nimezichapisha kwenye karatasi kubwa, kona zote nne nimezikuza, kushoto nyota za duara, kulia nyota ndefu kama punje za mchele. Yule bwana wa kaunta aliishika karatasi kwa vidole viwili, akaigeuza juu chini, akamwita kijana wake aje atazame, kisha akaniambia mbele ya wateja: "Mzee wangu, hizi ni nukta. Nani atakuja kuhesabu nukta zako?" Kijana akacheka. Halafu akaongeza kwamba ubovu uko kwenye stendi yangu, eti haifuati nyota sawasawa, na kamera yeye ameipiga picha ya mlango wa duka ikatoka safi.

Picha ya mlango! Mlango uko mita nne. Kwa mita nne lenzi ina nafasi tele ya kuzunguka, hata glasi zote mbili zikitolewa mlango utatoka safi. Infiniti haipimwi kwa mlango.

Na hili la stendi nalijibu hapa kwa kuwa pale dukani sikupewa nafasi. Stendi isipofuata nyota, nyota zote za picha zinarefuka, kushoto kwa kulia, kuelekea upande mmoja. Mhimili wa stendi ukiwa haujalenga ncha ya anga vizuri, unaona vijitao vinavyozunguka nukta moja. Hapa pwani kosa hilo ni jepesi kutokea: tuko digrii 4 kusini ya Ikweta, ncha ya kusini imekaa digrii 4 tu juu ya upeo ndani ya ukungu wa bahari, na nyota ya kaskazini haichomozi kabisa, kwa hiyo kijidarubini cha kulengea ncha hakina faida na tunalenga kwa njia ya pointi tatu ya programu ya N.I.N.A. Ukichaa huo wote naujua. Lakini kihisi kikilala upande, nyota za upande mmoja tu ndizo zinazoharibika. Na uthibitisho hauhitaji hata kompyuta: piga sekunde 2. Ndani ya sekunde 2 stendi haina muda wa kukosea. Kona ya kulia ikiwa mbovu kwa sekunde 2 kama ilivyo mbovu kwa sekunde 120, stendi haina hatia. Kisha iweke kamera kwenye darubini, izungushe digrii 90 kwenye fokasa, kile kishikio cha darubini kinachosogea kutafuta fokasi. Ubovu ukibaki kwenye kona ile ile ya picha, umo ndani ya kamera. Ukihamia kona nyingine, lawama ni ya darubini. Wangu haukuhama.

Maana yake ni moja: skrubu zilifunguliwa bila kuhesabiwa na zikakazwa mpaka mwisho, kila moja kwa nguvu ya mkono uliochoka.

Halafu vumbi. Niliiona kazi kwa macho yangu, kwa sababu mara ya pili waliifungua pale pale kaunta, feni la dari likizunguka, mlango wazi, barabara ya magari hatua chache. Kihisi kikiwa uchi, fundi alikiinamia akakipuliza kwa mdomo. Kwa mdomo! Pampu ya mpira ilikuwa imelala pembeni yake. Mate yakikauka juu ya glasi yanaacha alama ambazo pampu haiziondoi tena, na katika mji huu wenye unyevu na chumvi hewani, ukifungia jasho na vumbi ndani ya kamera umepanda kuvu mwenyewe. Chumba kidogo kilichofungwa, feni limezimwa, silika jeli ndani ya kisanduku, glavu: hayo si masharti ya maabara ya Ulaya, yanawezekana Mombasa kwa pesa za chai.

Sasa nisidhulumu. Haki ni haki hata ukiwa na hasira. Kwenye darubini fokasa inarudisha ile theluthi ya milimita bila taabu, na pale kamera hii ni kitu kingine kabisa. Nimeipeleka upande wa Kwale, mbali na taa za Kilindini na Nyali, ISO 800, dakika 2 kwa picha, Jabari akiwa karibu utosini kama anavyopita kwetu. Kabla hata ya kurundika, yaani kuunganisha picha nyingi kuwa moja, picha moja mbichi ilikuwa na wekundu kingo hadi kingo. Kichwa cha Farasi kimesimama wazi. Nebula ya Rosette, ambayo kwa kamera ile ile zamani ilikuwa fununu tu, ina petali. Kwa saa nzima nilikuwa tayari kuwapa alama 4, Mungu ni shahidi, na kumsamehe yule bwana maneno yake. Glasi waliyoitoa ndiyo glasi sahihi. Ile ya kwanza waliiacha. Wangekuwa wameitoa na hiyo, infraredi ingeingia yote na nyota zingevimba kwenye lenzi yoyote ile. Hapo walifanya kazi ya watu.

Msamaha uliisha kwenye kompyuta. Programu ya Siril inapanga picha kwa kuzitambua nyota, na nyota zilizorefuka upande wa kulia inazikataa, kwa hiyo picha nzuri zinatupwa pamoja na mbaya mpaka ulegeze kipimo cha duara kwa mkono. Picha za giza, za kuondolea kelele ya kihisi, ziko sawa, nazipiga papo hapo kifuniko kikiwa kwenye lenzi, kwa kuwa usiku wetu wa joto haumpi mtu nafasi ya kutumia za mwezi uliopita: ule umeme wa joto unaozalisha kelele hiyo unaongezeka maradufu kwa kila digrii 6 hivi. Picha za mwanga sawa, zile za kupiga uso mweupe wenye mwanga mmoja, nazo zinafuta vumbi, mradi vumbi halijasogea. La kwangu linasogea, kwa sababu ni chembe zilizofungiwa ndani, na glasi ya mbele ikijitikisa kila unapowasha kamera zinahama. Matokeo yake kila picha iliyorundikwa ina doa jeusi na kivuli cheupe ubavuni, doa kutoka usiku, kivuli kutoka kwenye sahihisho. Ikabidi nizime ile mitikisiko kwenye menyu na nipige picha za mwanga sawa kabla ya kuzima kamera, la sivyo kazi yote bure. Ukija kutenganisha nyota na nebula kwa programu ya StarNet, zile za duara zinaondoka safi, zile za kulia zinaacha mikia juu ya wekundu, na mikia hiyo ukinyoosha mwanga inakua. Mwisho wa yote nakata theluthi ya picha na kuitupa. Nimelipia kihisi kizima nikabaki na theluthi mbili.

Na msimu hausubiri. Anga la kaskazi, Januari na Februari, ndilo pekee kwetu linalotulia kavu kwa usiku kadhaa mfululizo, na ndio wakati wa Jabari. Kamera ilikaa dukani sehemu kubwa ya wakati huo, kila nikipiga simu naambiwa "kesho, bosi". Nebula kubwa ya Mkuku (Carina) inafika juu mapema usiku wakati masika yameshaingia, kwa hiyo huyo naye mwaka huu amenipita mawinguni.

Anayetaka kujaribu duka lolote, la hapa au la Nairobi, amuulize fundi mambo matatu kabla ya kutoa senti: unaweka glasi gani badala ya uliyotoa, skrubu za kihisi unazihesabu vipi, na infiniti unaipima kwa nini. Akijibu kwa kuutaja mlango, ondoka na kamera yako. Dai pia picha ya kona nne kabla ya kazi na baada ya kazi, kwa lenzi ile ile, na uandikiwe kwenye risiti.

Nilikuwa nimeandika alama 2, moja ya wekundu na moja ya kuiacha glasi ya kwanza. Lakini kuna jambo nilikuwa nimelisahau katika hasira zote hizi. Glasi ya samawati ni yangu. Bila hiyo kamera hairudi tena kupiga picha za mchana zenye rangi ya kweli bila kurekebishwa, na hata ukiiuza mnunuzi ataiulizia. Nilipoidai waliniambia iko mahali, wataitafuta. Nilipoidai tena wakasema huenda ilifagiliwa. Alama moja, na hiyo itabaki moja mpaka glasi yangu irudi mkononi mwangu, nzima, ndani ya bahasha.