Jedwali la Mstari wa Umaskini la Marekani: Rahisi Kusoma, Gumu Kuliamini

Kila mwaka Ofisi ya Sensa ya Marekani hutoa bila malipo jedwali la ukurasa mmoja linaloonyesha kipato ambacho familia ikikikosa huhesabiwa kuwa maskini. Nimelipitia toleo la mwaka 2023. Kwa urahisi wa matumizi sina la kulalamikia: unatafuta idadi ya watu katika kaya, unafuata mstari hadi kwenye safu ya idadi ya watoto, na jibu unalo. Familia ya watu wanne, wawili wakiwa watoto, mstari wake wa umaskini ni dola 30,900 kwa mwaka.

Tatizo ni asili ya namba hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mollie Orshansky, mchumi katika idara ya hifadhi ya jamii, alichukua gharama ya mlo wa bei nafuu uliopangwa na Wizara ya Kilimo akaizidisha mara tatu, kwa kuwa uchunguzi wa mwaka 1955 ulionyesha kwamba chakula kilikuwa kikichukua takriban theluthi moja ya kipato cha familia. Kwa wakati wake ilikuwa hesabu ya busara, wala simlaumu yeye. Serikali iliirasimisha mwaka 1969, na tangu hapo kinachofanywa hasa ni kuirekebisha kufuata mfumuko wa bei, ilhali leo kodi ya nyumba na matibabu ndivyo vinavyoumaliza mshahara. Tena namba ni ileile, uwe San Francisco au kijijini Mississippi.

Kilichonishangaza zaidi kimo katika mistari ya juu kabisa ya jedwali. Anayeishi peke yake akiwa chini ya miaka 65 mstari wake ni dola 15,852, lakini akitimiza 65 hushuka hadi 14,614, kwa sababu mpango wa awali ulikadiria kwamba chakula cha mzee kina gharama ndogo. Basi mjane mwenye dola 15,000 kwa mwaka huuaga umaskini siku anapotimiza miaka 65 bila kuongezewa hata senti.

Upande wa kipato nao una upofu wake, kwani huhesabiwa fedha taslimu kabla ya kodi, huku msaada wa chakula, ruzuku ya nyumba na nafuu za kodi vikiachwa nje. Kipimo cha nyongeza, kinachotolewa tangu 2011, huvihesabu. Nafuu ya kodi kwa wenye watoto ilipoongezwa kwa muda mwaka 2021, kipimo hicho kilionyesha umaskini wa watoto wa asilimia 5.2, na ilipoondolewa ukapanda hadi 12.4 mwaka 2022. Kipimo rasmi kilitoka 15.3 hadi 15.0, kana kwamba hakuna lililotokea.

Jedwali hili nalipatia nyota mbili kati ya tano, zote za urahisi. Kipimo cha nyongeza ningekipa nne, ingawa kinadai subira, maana mstari wake hutofautiana kwa eneo, na mpangaji ana wake, anayelipia mkopo wa nyumba ana wake, na aliyemaliza kuulipa ana wake.