Uzoefu wangu: Kituo cha afya cha kata, Dodoma mjini, kwa mtoto na kwa mama yangu

Kituo hiki nakitumia tangu mama ahamie kwangu kutoka kijijini, wilaya ya Chamwino. Jina sitaji, maana nina ya kusifia na ya kulalamikia, na wahudumu wenyewe tunakutana nao sokoni Majengo. Tunatibiwa kwa CHF iliyoboreshwa, ile bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii. Nilipojiunga ilikuwa Sh 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na kwa kipato changu hiyo haina ubishi.

Naanza na watoto, ndiko lawama nyingi zinakozaliwa. Mwanangu ana miaka mitatu. Alikohoa usiku kucha, mwili unachemka, asubuhi nikambeba. Ilikuwa Jumatatu, foleni imetoka mlangoni mpaka chini ya mwarobaini. Zamu yetu ilipofika, dokta (kwa cheo ni tabibu, ila mtaani kwetu kila mwenye koti jeupe ni dokta) akampandisha mtoto fulana, akatoa simu, akaiweka gotini na kukaa kimya. Macho yanakwenda kifuani kwa mtoto, yanarudi kwenye simu. Mlango wa chumba hicho haufungi vizuri, kwa hiyo waliokaa benchi la mbele wanaona kila kitu. Nilipotoka, dada mmoja akanipokea: "Pole jamani. Yaani mtoto anaumwa, mwenzio anachati!"

Hakuwa anachati. Nilikuwa nimeshamuuliza mule ndani, akanijibu bila kuinua kichwa: "Nahesabu pumzi, mama Kevi. Dakika nzima, ngoja." Zilifika 34. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, wanaanza kushuku nimonia pumzi zikifika 40 kwa dakika au zaidi. Akaangalia pia kama kifua kinabonyea kwa ndani mtoto anapovuta hewa. Kisha akatutuma maabara kwa kipimo cha haraka cha malaria: tone la damu kidoleni, ukatokea mstari mmoja tu, maana yake hakuna malaria. Tukaondoka na parasetamo na maelekezo: mpe vinywaji kwa wingi, na umrudishe mbio akianza kupumua kwa kasi, akishindwa kunywa au akipata degedege.

Sasa hapo ndipo benchi na meza ya dokta vinapoachana. Kwa watu wa benchi nimepoteza asubuhi yangu: "Foleni yote hiyo umetoka na panadol?" Huduma nzuri kwa wengi wetu ni sindano, dripu, au angalau vidonge vya rangi mbili. Kwa dokta, mtoto aliyehesabiwa pumzi, akapimwa na kurudishwa nyumbani bila antibayotiki ametibiwa sawasawa. Mimi kwenye hili niko na dokta. Dodoma ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo nchini, lakini kaa kwenye lile benchi usikilize: kila homa ni malaria, na kipimo kikikataa, basi kipimo kibovu. Na antibayotiki haiui virusi vya mafua hata ukinywa chupa nzima. Unachofanya ni kuwazoesha bakteria dawa utakayoihitaji kesho.

Ila siko naye kwenye ule ukimya. Mimi nilijua kwa sababu nina mdomo wa kuuliza. Mama mwingine aliyetoka Hombolo na bodaboda ya kukopa hataki kuonekana mjuaji, hatauliza. Ataondoka akiamini dokta alikuwa kwenye simu, na njiani atapita duka la dawa kununua kile alichonyimwa. Kusema tu "nahesabu anavyopumua" kunachukua muda gani?

Nilikuja kulisema hilo kwa mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, siku niliyokwenda kwake na hasira nyingine. Akacheka, kisha akanipa na ya upande wao. Anasema wagonjwa wengi hawaanzii kituoni, wanaanzia dukani. Wakifika kwake wana nusu dozi tumboni na hawasemi, kwa kuogopa kufokewa. "Sasa mimi namtibu nani, dada yangu, yule aliyekaa mbele yangu au yule wa juzi?" Swali zuri. Lakini hata hiyo hofu ya kufokewa haikuanguka kutoka mbinguni, na nilimwambia hivyo hivyo.

Kwa mama, habari ni nyingine kabisa. Ana presha. Nesi wa asubuhi, mama mtu mzima, simfananishi na yeyote niliyewahi kuona hata kwenye hospitali za kulipia. Hakumpima mama papo hapo. Alimkalisha kwanza, akamwambia apumzike, miguu yote chini, asiikunje, mkono juu ya meza, na asiongee. Mama, ambaye kunyamaza kwake ni adhabu, akatii. Kile kitambaa cha mashine kimechoka, gundi haishiki, nesi anakishikilia kwa kiganja mpaka mashine imalize. Ikasoma 168 kwa 94. Akaiandika kwenye daftari la mama, akageuza ukurasa wa nyuma kulinganisha na ya mwezi uliopita, ndipo akauliza: "Bibi, dawa unameza kila siku, au ukijisikia vizuri unapumzika?" Mama akaangalia dirishani. Akapata somo pale pale, kwa sauti ya chini, na kwa Kigogo kidogo kulainisha. Hospitali kubwa ingempa mama vipimo zaidi, lakini nani kule angemjua kiasi cha kumuuliza hivyo?

Dirisha la dawa ndilo linaloshusha kila kitu. Umeonwa vizuri, umeandikiwa, umepanga foleni ya pili, halafu: "Hii hamna, kanunueni nje." Dawa ya presha ya mama imekosekana mara nyingi kiasi kwamba naweka Sh 6,000 pembeni kabla sijatoka nyumbani. Na bima ninayo! Hiyo ndiyo hasira iliyonipeleka kwa mfawidhi. Maelezo yake: kituo kinaagiza Bohari ya Dawa ya serikali, na kisipopata kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa, ule mfumo wa Jazia ulioanza kwa majaribio mkoani kwetu humu humu Dodoma mwaka 2014 kabla ya kwenda nchi nzima. Lakini ya mshitiri inalipiwa na fedha za kituo chenyewe, na zikichelewa kuingia, rafu inabaki na vibandiko. Nimemwelewa. Mama presha yake haimwelewi.

Jambo jingine dogo: rufaa. Wengi wakiambiwa dawa fulani haitolewi ngazi hii wanadhani dokta hajui, wanataka kukimbilia hospitali kubwa, General au Benjamin Mkapa. Mwongozo wa taifa umezipanga dawa kwa ngazi: za zahanati, za kituo cha afya, za hospitali, hadi za kibingwa. Ukivuka bila barua ya rufaa, kadi yako ya CHF inakuwa karatasi. Omba barua, wanaandika bila matatizo.

Tathmini yangu: nesi wa presha nyota tano, tabibu wa watoto nne (angeongea angepata tano), maabara nne, dirisha la dawa mbili. Choo sikipi hata moja mpaka maji yarudi.

Ukienda, kwepa Jumatatu. Jumatano au Alhamisi kabla ya saa mbili asubuhi unapata hata kiti. Beba daftari la zamani, usinunue jipya kila safari, na kama kuna dawa umeshameza nyumbani, ibebe na pakiti yake umuonyeshe. Kwa mzee wako, mpigie simu mtu wa dirishani kabla hujakodi bajaji, uulize dawa yake kama ipo. Namba imebandikwa mapokezi, na kwa kweli wanapokea.