Shilingi tano za mchana: uzoefu wangu na Dishi na County

Mimi ni mama wa watoto wawili. Tunaishi Mathare, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, na kazi yangu ni kufua nguo za watu Eastleigh. Naandika kuhusu chakula cha mchana ambacho watoto wangu wamekuwa wakila shuleni kupitia mpango wa kaunti ya Nairobi uitwao Dishi na County, kwa sababu kila nikikutana na mzazi ambaye mtoto wake hajaandikishwa, maswali huwa ni yale yale. Ni chakula kweli? Kinashibisha? Zile bangili ni za nini? Kwa shilingi tano, si watatupikia maji? Nitajibu kwa yale niliyoyaona mwenyewe.

Lazima kwanza niseme saa sita na dakika arobaini ilikuwaje kwetu zamani. Saa hiyo kengele ya shule hulia. Mimi huwa Eastleigh, ama nimeinama kwenye beseni, ama nimekaa kando ya barabara na akina mama wenzangu tukingoja mtu aje aseme ana nguo. Nilikuwa nikijua kwamba dakika hiyo Brian, ambaye ni wa gredi ya tano, amemshika mdogo wake Mercy mkono na wanavuka Juja Road kurudi nyumbani. Juja Road mchana, matatu zinapokimbizana kutafuta abiria! Nilikuwa nikimwomba Mungu huku mikono iko kwenye sabuni.

Wakifika nyumbani, kama niliacha kiporo cha ugali na sukuma, wanakula wanarudi. Kama niliwapa shilingi ishirini kila mmoja, wananunua mandazi. Na kama jana yake sikupata kazi, wanakunywa maji. Siku za maji, Brian alijikaza akarudi darasani, lakini Mercy alilala. Mwalimu wake aliniita siku moja, akafungua rejista akanionyesha. Asubuhi mtoto yupo wiki nzima, mchana hayupo Jumanne, hayupo Alhamisi. Akaniuliza, "Mama Brian, shida ni nini?" Nikasema mtoto anaumwa na kichwa. Yeye alijua, na mimi nilijua kwamba anajua. Nilitoka pale nimeinamisha uso.

Mpango wenyewe ulizinduliwa Juni 2023 pale Roysambu, Rais William Ruto akiwa na Gavana Johnson Sakaja. Lengo lililotangazwa lilikuwa kulisha watoto 250,000 wa chekechea na shule za msingi za umma jijini Nairobi, na yakaanza kujengwa majiko makubwa kumi. Upishi unafanywa na Food4Education, shirika lililoanzishwa na Wawira Njiru mwaka 2012 kule Ruiru, na ambalo lilikuwa tayari limezoea kupikia shule nyingi kwa wakati mmoja. Mzazi analipa shilingi tano kwa sahani. Sehemu kubwa ya gharama inabebwa na serikali ya kaunti na washirika wake. Kwa hiyo anayesema ni chakula cha bure hasemi sawasawa, na anayesema tunanunua chakula naye hasemi sawasawa.

Kwetu kilianza mapema 2024. Tuliitwa mkutano wa wazazi, tukaambiwa tuandike majina ya watoto na namba zetu za simu. Wengi tulinung'unika. Tumeandika majina mara ngapi kwenye vitabu vya watu hapa mtaani, na baadaye hatuoni kitu? Mimi niliandika kwa sababu nilikuwa nimechoka na zile siku za maji.

Baada ya hapo watoto wakaja na bangili mkononi. Hii ndiyo Tap2Eat ambayo watu wanauliza sana. Ni bangili ya kawaida ukiitazama, lakini ndani yake kuna kidude kinachotambua mtoto ni nani. Mimi natuma pesa kwa M-Pesa, zinaingia kwenye akaunti ya mtoto. Wakati wa kula anapita kwenye foleni, anagusisha bangili kwenye kifaa, kinalia, shilingi tano zinakatwa, anapakuliwa. Hakuna noti, hakuna sarafu ya kupotea mfukoni au kunyang'anywa na wakubwa njiani. Ukiweka shilingi mia moja kwa mtoto mmoja, ni siku ishirini za shule, yaani wiki nne nzima. Hivyo ndivyo ninavyofanya: nikipata kazi nzuri mwanzo wa mwezi, mia ya Brian, mia ya Mercy, kabla hata sijanunua unga. Usingoje kuweka kumi kumi kila asubuhi, utasahau, au simu itakuwa imezima.

Nilichokipenda zaidi kuhusu bangili sikukifikiria mwanzoni. Kwenye foleni hakuna anayejua nani kalipiwa na nani. Mtoto ambaye mama yake ameweka pesa na mtoto ambaye wamemwekea watu wengine, wote kifaa kinawalilia sauti moja. Nilisoma shule ambayo watoto waliokuwa na deni walisimamishwa upande wao mbele ya wenzao, na nilikuwa mmojawapo. Aliyewahi kusimama pale ataelewa kwa nini mlio huo ni jambo kubwa kwangu.

Salio limewahi kuniishia, sikatai. Ilikuwa wiki mbaya, mvua kila siku, na hakuna mtu anafua nguo mvua ikinyesha. Jioni Brian akaniambia mwalimu amewalipia yeye na Mercy, shilingi kumi. Nilimrudishia Ijumaa. Akakataa, nikamwekea mezani.

Sasa chakula chenyewe. Nilienda kuona, maana watoto ukiwauliza watakwambia "ni kitamu" au "si kitamu" na hapo basi. Kinapikwa kwa mvuke kwenye jiko kuu, kwa masufuria ambayo mtu mzima anaweza kusimama ndani, halafu kinaletwa na gari kikiwa kwenye vyombo vilivyofungwa vizuri. Vilipofunguliwa bado kilikuwa kinatoa moshi. Siku hiyo ulikuwa wali na ndengu. Nilipewa kijiko nionje. Ndengu zilikuwa zimeiva hadi zinapasuka, kitunguu kipo, chumvi imepimwa kidogo kuliko ninavyoweka mimi nyumbani. Hakuna mawe. Mtu aliyezoea kuchambua ndengu za kupima sokoni anajua kazi iliyoko katika kuondoa mawe kwenye ndengu za watoto maelfu.

Siku nyingine ni maharagwe, na mboga huwekwa pamoja. Mercy hapendi kabichi, anamsukumia kaka yake. Brian anasema angetaka kuongezwa, na hapo ninamwelewa, kwa sababu mvulana wa miaka kumi na mmoja anayecheza mpira hana mwisho wa tumbo. Kwa mtoto wa gredi ya pili kile kipimo kinamtosha kabisa, anakuja jioni bado ana nguvu za kuruka kamba. Kwa wale wakubwa kinashikilia hadi saa kumi, halafu njaa inaanza kubisha. Ningeambiwa nichague kitu kimoja cha kuongeza, ningesema wakubwa wapakuliwe zaidi. Na mara moja kwa wiki tunda, hata ndizi moja.

Wazazi wengine huuliza kama watoto wamenenepa. Sikuwapima. Nilichokiona ni rejista. Mwisho wa muhula ule wa kwanza mwalimu alinionyesha tena ukurasa wa mchana, na safari hii hakuwa na swali. Mercy alikuwa amekosa siku moja tu, siku aliyokuwa na homa kweli. Kusoma pia kumebadilika, maana masomo ya mchana alikuwa hayajui kabisa, na ndiyo yale ya hadithi na kuchora aliyokuja kuyapenda.

Na mimi nimebadilika. Saa sita na dakika arobaini sasa inapita nikiwa sijaiona. Zamani kama nilipewa nguo nyingi, ilinibidi nichague: nikatize kazi nikimbie nyumbani nipike, nipoteze nusu ya malipo, au nibaki na roho iwe Juja Road. Sasa nachukua kazi ya siku nzima. Ukipiga hesabu ya chakula hiki kwa shilingi tano peke yake, utakuwa umeacha nje siku zangu za kazi.

Nina hofu moja, na inatokana na umri wangu. Mimi ni mtoto wa maziwa ya Nyayo, yale yaliyogawiwa bure shuleni. Rais Moi aliyaanzisha mwaka 1979, na mimi niliyakuta miaka ya mwanzo ya tisini, yale ya pakiti ya pembetatu. Tulikuwa tunang'ata ile ncha, tunavuta hadi pakiti inakunjamana. Watoto walikuwa hawakosi shule siku ya maziwa. Halafu yakaanza kuchelewa, yakawa ya mara moja moja, na kabla ya muongo kwisha yakawa hadithi. Kwa hiyo nikisikia watu wakibishana kwamba shule za msingi ni kazi ya serikali kuu, kwamba Katiba ya 2010 imeiachia kaunti chekechea tu, moyo wangu hushtuka. Wabishane, ni haki yao, na sheria ni sheria. Lakini wakiwa wanabishana sufuria iwe jikoni. Kule Turkana na kaunti nyingine kame, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lililisha shule kwa miongo kadhaa, halafu serikali ikachukua kidogo kidogo kuanzia 2009, hadi mwaka 2018 ikabeba mzigo wote. Kumbe inawezekana kukabidhiana sufuria bila moto kuzimika.

Tumeonja pia siku ambazo shule haipo. Aprili 2024 mto Mathare ulipofurika usiku na kuchukua nyumba za watu, shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 29, zikaahirishwa, na hazikufunguliwa hadi Mei 13. Wiki mbili. Nguo za kufua zilikuwepo, tena za matope, lakini watu hawakuwa na pesa za kutulipa. Ndipo nilipojua ni kiasi gani nilikuwa nimeegemea sahani mbili za shule. Mercy aliuliza, "Mama, bangili haiwezi kufanya kazi hapa nyumbani?" Nilimwambia haiwezi. Akaivua akaiweka kwenye kikombe cha miswaki, na asubuhi ya Mei 13 ndiyo kitu cha kwanza alichotafuta, kabla ya viatu.

Kuna jambo ambalo watu hawaniulizi, na ndilo linalonikosesha usingizi. Dadangu mdogo anaishi nyumba ya tatu kutoka kwangu. Binti yake ana umri wa Mercy. Yeye anasoma shule ya mtaani, zile za mabati zilizoanzishwa na watu binafsi na makanisa humu ndani, kwa sababu alipotaka kuanza, shule ya umma ilikuwa imejaa na iliyofuata ilikuwa mbali. Mathare, Mukuru, Kibra, ndivyo ilivyo: watoto ni wengi kuliko madawati ya umma, na shule za mtaani ndizo zinazowabeba. Mpango huu ni wa shule za umma. Kwa hiyo mimi mwenye kazi ya kufua nalipa shilingi tano, na dadangu, ambaye hana hata hiyo ya kutegemea, analipa thelathini kila siku kwa githeri ya shule ya mtoto wake. Siku asipolipa, mtoto anabaki na uji wa asubuhi. Tunaishi uwanja mmoja, tunateka maji bomba moja. Jioni watoto wakicheza pamoja, Mercy akisema leo tulikula ndengu, huyu mwingine hunyamaza, na mimi huita wote wawili ndani nikawapa kilichopo.

Sisemi mpango umefanya vibaya kuanzia shule za umma. Ilibidi uanzie mahali, na kwenye shule za umma kuna ofisi, rejista na geti la gari kuingilia. Nasema tu kwamba mtoto mwenye njaa kubwa zaidi katika ploti yetu hana bangili. Gari la chakula linapita Juja Road kila siku. Kutoka pale hadi kwenye ile shule ya mabati ni mwendo wa dakika saba, nimetembea.

Kwa sasa dadangu ameomba nafasi ya Januari kwenye shule ya wanangu. Mwalimu mkuu hajakataa wala hajakubali, amesema aje na cheti cha kuzaliwa. Jumapili iliyopita baada ya kanisa tulipima njia sote watano, bila haraka, ili tuone kama yule mdogo ataiweza asubuhi na jioni. Brian alitangulia akionyesha pale pa kuvukia, na Mercy alikuwa ameshamvisha binamu yake bangili yake ili, kama alivyosema, mkono wake uzoee.