Unga wa uyoga wa lingzhi: uzoefu wangu

Ukikaa Ngamiani, hapa Tanga, wakala wa uyoga dawa lazima akufikie. Mimi alinikuta barazani kwa wifi yangu, akatoa kwenye begi kahawa ya uyoga, vidonge na kopo la unga. Nikachukua unga, shilingi elfu arobaini na tano. Kahawa niliiacha kwa sababu ilikuwa imeshatiwa sukari na maziwa ya unga, na nyumbani kwetu sukari ni adui.

Uyoga wenyewe ni Ganoderma. Wachina wanauita lingzhi, Wajapani reishi. Huota kwenye miti na ni mgumu, hautafuniki, ndiyo maana husagwa ukanywewa kama chai. Uchungu wake, jamani, ni mwarobaini mtupu! Nilijaribu kuutia tangawizi, wapi. Na kwa unyevu wa huku pwani, kopo lisipofungwa vizuri unga unagandamana mabonge.

Faida? Nalala vizuri zaidi. Ila mume wangu anasema usingizi umekuja kwa kuwa nimeacha chai ya majani usiku, na sina hoja ya kumpinga. Presha yangu haijashuka wala kupanda, na dawa zangu naendelea nazo, ingawa wakala alinishauri niziache. Hapo ndipo aliponiudhi. Nilipompelekea daktari kopo, swali lake la kwanza lilikuwa kama natumia dawa za kuzuia damu kuganda, maana uyoga huu ukichanganyika nazo unaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Wakala hakuligusia hilo hata kidogo.

Alinitajia pia kwamba Japani wanatibu saratani kwa uyoga. Kumbe dawa yenyewe, krestin, iliyoruhusiwa kule mwaka 1977, inatokana na uyoga wa aina nyingine kabisa, na ilitolewa pamoja na matibabu ya kawaida ya saratani. Na kuhusu kisukari, uchambuzi wa mwaka 2015 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia tafiti za tiba, haukuona ushahidi wa kutosha wa kuutumia lingzhi.

Kwa bei ile, sinunui tena. Heri uyoga wa mamama mbichi wa kupika kwa tui: una protini, una nyuzinyuzi, na watoto wanaula. Ukiuanika juani kidogo kabla ya kuupika, upande wa chini ukitazama juu, unajiongezea vitamini D bure.