XaoS kwa miezi minane: picha nilizochapisha na moja niliyoipoteza

Nianze na kosa langu, maana limenifunza mengi kuliko maelekezo ya programu yenyewe. Usiku mmoja nilikuwa nazurura kwa XaoS, programu ya kuchora fraktali (maumbo ya kihisabati yanayojirudia kadiri unavyoyakuza), ndani ya ile iitwayo seti ya Mandelbrot, nikafika mahali penye mkonga uliojikunja mara tano, na katika kila kunjo kulikuwa na kijinyota cha rangi ya kutu. Nikahifadhi picha, nikazima kompyuta, nikalala na furaha yangu. Wiki iliyofuata nikataka kuichapisha kwenye karatasi ya A3. Picha ilikuwa na upana wa pikseli 1920, na upande mrefu wa A3 ni milimita 420. Ukigawanya unapata pikseli 116 hivi kwa inchi, wakati chapisho la kutazamwa kwa karibu linataka 300. Basi nikarudi kupatafuta mahali pale ili niitoe upya kwa ukubwa unaofaa. Sikupaona. Nimeshapatafuta mara nyingi mno, na hadi leo sijapaona.

Tatizo halikuwa la programu, lilikuwa langu. Nilihifadhi picha, sikuhifadhi anwani yake. XaoS inaweza kukuandikia faili dogo la maandishi, lenye mwisho wa .xpf, ambalo ndani yake hakuna picha hata kidogo. Kuna jina la fomula, idadi ya marudio ya hesabu, na mstari unaotaja katikati ya picha na upana wake. Ni mistari michache tu, lakini ukiwa nayo unaweza kuitengeneza picha ile ile kwa ukubwa wowote, hata baada ya miaka. Bila hiyo, umebaki na kivuli.

Sasa programu yenyewe. XaoS ni ya bure na ya msimbo huria, kazi iliyoanzishwa na Jan Hubička na Thomas Marsh katika miaka ya 1990. Sifa yake kubwa ni kwamba haikusubirishi. Programu nyingi za fraktali hukutaka uchore kisanduku, ubonyeze, kisha ungoje picha ijichore upya. Hapa unashikilia kitufe cha kushoto cha kipanya na unazama pale unapoelekeza. Kitufe cha kulia kinakurudisha nje. Siri yake ni kwamba haianzi hesabu upya kila mara: inachukua pikseli ilizokwisha kuzikokotoa kwenye fremu iliyopita, inazisogeza mahali pake papya, kisha inakokotoa zile tu zinazokosekana. Ukiachia kipanya, utaona picha ina chengachenga kwa muda mfupi, halafu inatulia taratibu kama maji yaliyotibuliwa. Mara ya kwanza nilidhani skrini yangu ni mbovu.

Hesabu inayozaa yote haya inaingia kwenye kiganja. Chukua namba changamano (namba yenye sehemu mbili, kama anwani ya nukta kwenye ramani; kila pikseli ina yake), iite c. Anza na sifuri. Zidisha ulichonacho kwa chenyewe, ongeza c, rudia. Matokeo yakishavuka umbali wa 2 kutoka sifuri, hayarudi tena, yanakimbilia mbali bila kikomo. Rangi ya pikseli ni idadi ya marudio yaliyopita kabla ya kutoroka. Namba isiyotoroka hata baada ya marudio yote uliyoruhusu hupakwa nyeusi. Benoit Mandelbrot, akiwa IBM huko Marekani, aliichunguza seti hii kwa kompyuta mwaka 1980. Wafaransa Gaston Julia na Pierre Fatou walikuwa wameshafanya kazi ya msingi kama miaka 60 kabla yake, kwa kalamu na karatasi, bila kuona picha kama hizi tunazochezea leo. Julia alikuwa amepoteza pua yake katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Kila nikibonyeza M na programu kunionyesha seti ya Julia ya pale kilipo kipanya (fomula ile ile, ila c ikiwa ni moja kwa picha nzima), huwa namkumbuka.

Kuna jambo ambalo anayeanza hawezi kulijua asipoambiwa: nyeusi ndiyo rangi ghali kuliko zote. Pikseli ya nje hutoroka baada ya marudio kumi, ishirini, mia, na kazi imeisha. Pikseli nyeusi kwa kawaida hulazimika kupitia marudio yote uliyoweka ndipo kompyuta ikubali kwamba haitoroki. XaoS inakuja na kikomo cha marudio 170, ambacho kinatosha kwa kutalii juu juu. Ukizama, ncha za matawi zinavimba na kuwa madoa meusi ya mviringo, kama mtu amemwaga wino. Nilipoyaona kwa mara ya kwanza nilijua nimefika mwisho wa seti. Wapi! Nilipandisha marudio hadi 2,000 na yale madoa yakafunguka yote: ndani yake kulikuwa na nyuzi, mikonga, na vijiseti vidogo vya Mandelbrot vinavyofanana na mama yao. Ila kompyuta nayo ilianza kuvuma kwa feni.

Kwa mgeni, nashauri aende upande wa kushoto, kwenye ule mpasuko kati ya umbo kubwa la moyo la seti na duara lililoshikamana nalo, karibu na -0.75 kwenye mhimili wa namba halisi na 0.1 kwenye ule wa namba za kufikirika. Watu wa fraktali wanapaita bonde la farasi wa baharini, na ukifika utajua kwa nini, maana mikia imejipanga pale kama imewekwa kwa mkono. Upande wa kulia, kwenye mbonyeo wa ule moyo, kuna bonde la tembo. Mimi nalipenda zaidi la tembo. Halina madoido mengi, lakini mikonga yake huchapika vizuri kwa sababu ina nafasi ya kupumua.

Kasoro ninazo mbili. Ya kwanza ni kina. Hesabu za kawaida za kompyuta hubeba tarakimu 15 au 16 za maana, basi. Ukizidi kukuza kupita hapo, pikseli mbili jirani zinakuwa namba moja na picha inageuka vibandiko vya mraba. Kwa safari za huko chini nilihamia Kalles Fraktaler, programu nyingine ya fraktali, ambayo inatumia njia iliyoelezwa na K. I. Martin mwaka 2013: nukta moja tu hukokotolewa kwa mamia ya tarakimu, na majirani zake wote hukokotolewa kama tofauti ndogo kutoka kwake. Ni kama kupima kimo cha mtu mmoja kwa rula ya sonara, kisha kuwapima wengine kwa kuwasimamisha kando yake. Lakini ile raha ya kuteleza humo hamna. Unabonyeza, unangoja. Kwa hiyo kuwinda nawinda na XaoS, na pale panapohitaji kina au ukubwa nafungua faili la .xpf kwa kihariri cha maandishi, nanakili namba na kuzipeleka kule.

Kasoro ya pili ni hiyo ya ukubwa. Njia ya kawaida ya kuhifadhi picha ndani ya XaoS hukupa kilichomo dirishani, pikseli kwa pikseli. Kwa skrini ni sawa. Kwa karatasi haitoshi.

Na karatasi ina mambo yake. A3 kwa vitone 300 kwa inchi ni pikseli 3508 kwa 4961, yaani zaidi ya milioni 17. Nilitoa picha ya ukubwa huo kamili nikadhani nimemaliza. Kwenye chapisho, zile sehemu za nyuzi nyembamba zilitokea kama mchanga uliomwagwa, hazina mkono wala mguu. Sababu ni kwamba karibu na mpaka wa seti rangi hubadilika ndani ya pikseli moja mara nyingi kuliko pikseli inavyoweza kueleza, kwa hiyo kila moja inaokota rangi yoyote iliyoangukia katikati yake. Dawa ni kutoa picha mara tatu zaidi kila upande, kisha kuipunguza, ili kila pikseli ya mwisho iwe wastani wa tisa. Hapo unazungumzia pikseli milioni 156. Niliiwasha usiku nikaenda kulala, yenyewe ikakesha. Asubuhi ule mchanga ulikuwa umegeuka manyoya.

Rangi ndizo zilizonitoa jasho. Nilikuwa na samawati kali, ile inayowaka kwenye skrini, ikishuka hadi zambarau. Fundi aliyenichapia aliitazama kwenye kompyuta yake akacheka: "Hiyo hutaipata." Nikabisha. Tukachapa. Ilitoka kama kitambaa cha buluu kilichofuliwa mara mia. Skrini inatoa mwanga, wino unakula mwanga, na kuna rangi ambazo wino wa kawaida wa rangi nne haufiki hata ukiusukuma. Tangu hapo napanga rangi zangu kuelekea kahawia, dhahabu, kijani kilichokolea na nyeupe ya maziwa, na kabla ya kutoa kazi nzima nakata kipande cha sentimita kumi kwa kumi nakichapa kwa ukubwa wake halisi. Kipande kidogo namna hiyo kimeniokolea karatasi nyingi. XaoS ukibonyeza P inakubahatishia mpangilio mpya wa rangi, na mara moja moja inatoa kitu ambacho mwenyewe usingekifikiria. Nyingine tisa ni za kutupa.

Karatasi isiyong'aa imenifaa kuliko inayong'aa. Yenye kung'aa inaonyesha weusi mzito zaidi, ni kweli, lakini ukiitundika mkabala na dirisha unachokiona ni dirisha.

Hadi sasa nimetundika tatu. Kubwa zaidi ni ya bonde la tembo, na wageni wengi huuliza ni mmea gani uliopigwa picha kwa hadubini. Wengine huisogelea hadi pua iguse kioo. Nyuma ya kila moja nimeandika kwa penseli namba mbili ndefu za desimali, kiwango cha kukuza na idadi ya marudio. Faili la .xpf nimelihifadhi sehemu tatu tofauti.