Seti ya GP38-2: kichwa kizuri, mabehewa ya kurekebisha

Nianze na hukumu: kichwa cha treni kilichomo kwenye seti hii ya treni ya mfano, ya kuendesha mezani, kinastahili pesa yake, reli zinatosha, mabehewa yanatia hasira. Niliilipia dola 230 kabla ya kodi, hapa Illinois. Jina la kiwanda naliacha, maana seti nyingi za bei hii zina tabia zinazofanana.

Boksi lina kichwa kimoja cha dizeli aina ya GP38-2 chenye rangi ya buluu ya Conrail, kampuni ya reli ya Marekani, mabehewa matatu ya mizigo, behewa dogo la kondakta la kuvutwa nyuma kabisa, reli za kufanya mzunguko mmoja, rimoti na adapta ya umeme. Kipimo ni HO, yaani 1 kwa 87: kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli. Kichwa halisi kina urefu wa mita 18. Hiki cha mezani ni kama sentimita 21.

Wengi wanaoanza hukimbilia vile vichwa vikubwa, yale madude ya ekseli sita, na siwalaumu. Nikienda mji wa Rochelle, pale njia ya kampuni ya reli ya BNSF inapokatana na ya Union Pacific, mimi mwenyewe nayakodolea macho. Shida ni kwamba dude la ekseli sita kazi yake ni kuvuta mabehewa mia na zaidi, na hakuna meza ya nyumbani yenye nafasi hiyo. GP38-2, yenye ekseli nne, ni mtu wa kazi ndogondogo: inapanga mabehewa kwenye uwanja wa reli, inapeleka matano kwenye kiwanda, inarudi na matatu. Kwa hiyo ukiifunga na mabehewa manne juu ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8, huna haja ya kujidanganya kwa lolote. Treni fupi namna hiyo ipo kweli Marekani, na zipo GP38-2 ambazo hadi leo zinafanya kazi hiyohiyo.

Halafu kuna suala la kona. Reli za seti zinapinda kwa nusu kipenyo cha inchi 18, sawa na sentimita 46. Zidisha kwa 87 upate mita 40 hivi. Kona ya namna hiyo kwenye njia kuu ya treni ya mizigo haipo. Ekseli nne zinapita bila kulalamika. Vichwa vingi vya ekseli sita vinataka inchi 22 au zaidi, na yale mabehewa marefu ya kubebea magari, yenye futi 89, usiyafikirie kabisa.

Sasa sauti, na hapa ndipo waliponikamata. Kazi yangu ni ufundi wa friji na viyoyozi, kwa hiyo nasikiliza mota kutwa nzima. EMD, watengenezaji wa vichwa halisi, walianza kutoa GP38-2 mwaka 1972: silinda 16, nguvu za farasi 2,000, haina turbo, ile pampu ya kusukumia hewa kwenye injini. Maana yake haitakiwi kupiga ule mluzi mkali wa SD40-2, kichwa cha ekseli sita chenye turbo. Inatakiwa kunguruma kwa kifua. Hii inanguruma. Ukiongeza mafuta, muungurumo unapanda kwa ngazi, kama kwenye vichwa halisi ambavyo mkono wa mafuta una hatua 8, na sauti inatangulia kidogo kabla magurudumu hayajasogea. Honi unaweza kuipiga kama sheria za Marekani zinavyotaka kwenye makutano ya barabara: ndefu mbili, fupi moja, ndefu moja. Spika ni ndogo, ukiifungulia yote inakwaruza. Mimi nimeishusha nusu, na mama watoto hajanisumbua tena.

Kwa sura, tazama paa kwanza. Feni mbili kubwa ziko mahali pake upande wa nyuma, na chini ya wavu unaona mapanga yake kabisa, siyo plastiki iliyochorwa. Bomba za moshi ni mbili, sahihi kwa injini isiyo na turbo. Vishikio vya pembeni ni vyembamba na vinanesa, kwa hiyo ukishika vibaya havikatiki.

Mfumo wa kuendesha ni wa kidijitali, unaofuata viwango vya NMRA, chama cha wapenzi wa reli za mfano kilichoanzishwa Marekani mwaka 1935. Umeme unakaa kwenye reli muda wote, na dikoda ndani ya kichwa ndiyo inayopokea amri. Kichwa kinatoka kiwandani na namba 3, ndiyo rimoti inayokiitia. Ukinunua cha pili, badilisha namba kwanza, la sivyo vyote viwili vitaondoka kwa amri moja.

Mabehewa sasa. Nililipima la inchi 7 kwenye mizani ya jikoni: gramu 80. NMRA inapendekeza aunsi moja, kisha nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu, ambazo hapa ni kama gramu 128. Behewa jepesi linaruka reli ukirudisha treni nyuma kwenye kona. Nilibandika nati za chuma ndani, likatulia. Magurudumu ni ya plastiki, yanakusanya uchafu na kuusambaza kwenye reli. Viungio vya kushikanisha mabehewa navyo ni plastiki, na kale kaulimi kanakofanya kazi ya springi kanalegea upesi. Nimeweka vya chuma vya kampuni ya Kadee, namba 5, na sasa mabehewa yanashikana kwa mguso tu. Kiungio cha aina hii, kinachofumbata kama ngumi, Eli Janney alikipatia hataza mwaka 1873. Kabla yake wafanyakazi walisimama katikati ya mabehewa kuchomeka pini kwa mkono, na vidole vingi viliishia hapo. Sheria ya Marekani ya kulazimisha viungio vya kujifunga ilipita mwaka 1893. Kuweka kiungio kibovu kwenye kitu chenye historia hiyo, kwa kweli, ni ubahili.

Kijitabu cha maelezo ni karatasi iliyokunjwa. Kinaeleza vitufe vya rimoti, hakisemi neno kuhusu kusafisha magurudumu. Tumia kitambaa na spiriti ya kusafishia vidonda, basi.

Ukikuta duka linauza kichwa hiki peke yake, chukua hicho, nunua rimoti na reli za inchi 22, kisha uongeze mabehewa mojamoja yenye magurudumu ya chuma. Utalipa zaidi kuliko bei ya seti, lakini hutakuwa na mabehewa ya kufungua na kubandika nati.