Biblia ya marejeo niliyonunua Kisumu, kama unasoma unabii tafuta hii

Kama uko Kisumu na unataka Biblia ya Kiswahili ya kukaa chini usome, si ya kubeba Jumapili tu, tafuta Union Version yenye iko na marejeo. Yangu nilitoa kwa duka ndogo ya vitabu vya kanisa huko karibu na Oginga Odinga Street, bei chini kidogo ya elfu mbili, na vile nimeitumia naweza sema pesa yangu haikuenda bure.

Kwa wenye hawajaishika: kando ya neno fulani kwa mstari kuna herufi ndogo, unaitafuta kwa safu ya marejeo hapo hapo kwa ukurasa, inakuambia uende kitabu gani sura gani. Basi. Lakini kwa mambo ya unabii hiyo ndiyo kazi yote, juu Mathayo kila saa anasema "ili litimie neno" na hakuambii sura, mara nyingine hata jina la nabii hataji, alikuwa anaandikia watu wenye maandiko walikuwa wanayajua kwa kichwa. Sisi tunasoma tunasema amina tunapita.

Chukua Mathayo 2:15, Yusufu amekimbia na mtoto Misri, halafu "Kutoka Misri nalimwita mwanangu." Marejeo inakupeleka Hosea 11:1. Ukifika huko unapata Hosea hatabiri kitu ya kesho hata kidogo, anakumbuka ya zamani, vile Mungu alimpenda Israeli akiwa mtoto akamtoa Misri, na mistari inayofuata ni uchungu mtupu vile huyo mtoto aligeukia mabaali. Kwa kikundi chetu cha Alhamisi jioni hapo kulinyamaza kwanza, mtu mmoja akauliza sasa imetimia aje na haikuwa ahadi? Tukaendelea kufuata herufi. Yesu anatoka Misri, anapita kwa maji, anaingia jangwani siku 40 penye Israeli walikaa miaka 40, na majibu yote matatu anampa Shetani yanatoka Kumbukumbu la Torati sura ya 6 na ya 8, yaani maneno yale yale Israeli walipewa jangwani. Penye mwana wa kwanza alianguka huyu anasimama. Ndio Mathayo anaona, Mungu anarudia njia ile ile na safari hii mwana anafika mwisho. Mimi imani yangu ilipata nguvu hapo kuliko mahubiri mengi nimesikia, na nasema hivyo nikiheshimu wahubiri wetu.

Ingine ni vile vipande 30 vya fedha vya Yuda. Kutoka Mathayo 27 unaenda Zekaria 11, mchungaji anaomba mshahara wake anapimiwa 30, anaambiwa azitupe kwa mfinyanzi nyumbani mwa Bwana. Ukitoka hapo unaenda kitabu cha Kutoka 21:32, shekeli 30 ndio mwenye mtumwa alikuwa analipwa kama ng'ombe wa mtu amempiga huyo mtumwa pembe akafa. Ile bei. Soma tena polepole ndio ujue Bwana wetu alithaminiwa aje. Na Mathayo hapo anataja Yeremia, si Zekaria, hiyo ilituchukua jioni mzima, tukafungua Yeremia 19 yenye iko na chungu cha mfinyanzi na ile 32 penye ananunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17, na mzee wetu mmoja akasema Mathayo ameshona manabii wawili pamoja akataja yule mkubwa. Naona iko sawa. Lakini ujue hii Biblia haikuelezi hayo, inakuonyesha mlango tu, kuingia ni wewe. Isaya 7 pia vile vile, kama husomi sura yote hutajua kwamba ishara ya Imanueli, ile ya bikira atazaa mtoto, ilitolewa kwanza kwa mfalme Ahazi wa Yuda akitetemeka juu ya Resini mfalme wa Shamu na Peka mfalme wa Israeli, miaka kama 700 kabla Yesu azaliwe.

Kijana wa jirani aliniuliza kama hizi unabii hazikuandikwa baada ya mambo kutendeka. Nikamwambia mwaka wa 1947 kule Qumran karibu na Bahari ya Chumvi kulipatikana gombo la Isaya, sura zote 66, na wataalamu wanaliweka zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo. Isaya 53, ile ya mtumishi wa Bwana mwenye anateseka, iko ndani. Hiyo haiko kwa marejeo, ingekuwa vizuri waweke kurasa mbili tatu za historia mwishoni.

Na ningependa watu wetu wengi waipate juu ya vile unabii umekuwa huku kwetu, mtu anaambiwa tuma sadaka kwa namba hii nikutabirie viza. Fuata marejeo ya Kumbukumbu 18:22, penye inasema neno la nabii lisipotimia si la Bwana, halafu usome Yeremia 28 yote, Hanania anaahidi miaka miwili nira ya Babeli imevunjika, watu wanafurahi, na mwaka huo huo anakufa. Kupima nabii si kukosa imani, tumeagizwa.

Sasa ubaya wake. Maandishi ya marejeo ni madogo kabisa, mama yangu hawezi bila miwani na taa ikiwa karibu. Karatasi ni nyembamba, kalamu ya felti inatokea upande wa pili, tumia penseli. Zipu ya kava iliharibika mapema nikapelekea fundi wa viatu akaweka ingine.

Mwenye duka ni mama mpole, alinipa kiti nikafungua kurasa bila kuharakishwa. Ukienda fanya hivyo pia, angalia hasa kuanzia Hosea mpaka Malaki, kuna mwenzetu yake aliponunua Zekaria ilikuwa inaruka kutoka sura ya 8 mpaka ya 13. Alirudi nayo akabadilishiwa bila maneno, lakini weka risiti.